Mita 300 za Kwenye Boksi

Hivi hawa wanaotengeneza bebi monita, kile kidude cha vipande viwili, kimoja kwa mtoto na kingine kwa mzazi, cha kumsikilizia mtoto akiwa chumba kingine, nani kawaambia kwamba watu tunalea watoto uwanjani? Boksi limeandikwa kwa herufi nono: MITA 300. Chini yake, kwa herufi za kutafutia miwani, wanakiri kuwa hizo mita 300 ni mahali pa wazi pasipo ukuta. Nani yuko na mtoto mchanga katikati ya uwanja wa Mkwakwani saa nne usiku? Hapa Ngamiani, Tanga, mtoto akilia barabara ya saba, barabara ya tisa wameshajua kama ni njaa au tumbo, na hakuna betri iliyotumika. Lakini ukishakuwa na shemeji ng'ambo, siku akijitolea kuwalipia mke, watoto na bibi yao wiki nzima kwenye meli ya kitalii, kidude nacho kinakuja, kimefungwa utepe, na simu inapigwa kila jioni: "Shemeji, mnakitumia lakini?"

Haya, tukitumie. Ila tuambiane ukweli.

Chumba cha meli ni debe. Kuta zake ni mabati ya chuma yenye pamba ya mawe katikati ya kuzuia moto, na mlango nao ni chuma. Huamini? Chukua sumaku ya friji, ibandike ukutani. Ikishika, umeshajibiwa. Mawimbi ya bebi monita, yawe ya gigahezi 2.4 au 1.9, yakigonga chuma yanarudi yalikotoka. Yanayofika koridoni ni yale yaliyojipenyeza chini ya mlango na kwenye matundu ya hewa. Kwa hiyo zile mita 300 zinageuka milango michache ya korido hiyo hiyo. Sitaha ya juu au ya chini usijisumbue, maana katikati kuna sakafu nzima ya chuma. Kipande cha mzazi kitaanza tit-tit-tit kukuarifu kwamba umetoka nje ya masafa, na watu wa meza ya jirani watakutazama kama umekuja na bomu.

Wenye kamera za waifai ndio balaa zaidi. Waifai ya meli haikukaribishi hivi hivi. Inafungua ukurasa, inataka jina la ukoo na namba ya chumba, na mara nyingi inatoza kwa kila kifaa. Simu ina pa kuandikia. Kamera ina nini? Jicho tu. Fomu itaijazaje? Na hata ukiipitisha kwa ujanja, mitambo ya meli kwa kawaida hairuhusu vifaa vya abiria vionane moja kwa moja. Basi picha ya mtoto aliyelala hatua nne kutoka ulipokaa inabidi itoke melini kwanza. Kama meli inatumia setilaiti za zamani, zile zilizotulia karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, picha inapanda, inashuka nchi kavu kwenye seva, inapanda tena, inashuka kwenye simu yako. Zaidi ya kilomita 140,000, yakhe, ili uone mtoto kageukia ukutani! Setilaiti mpya zinaruka chini, kilomita mia kadhaa tu, na kasi yake nzuri, lakini bado ni safari ya angani kwa kitu ambacho ungenyoosha shingo ungekiona. Wala usibebe rauta yako ya mfukoni, kile kidude cha kujigawia waifai mwenyewe. Kampuni nyingi za meli zimeipiga marufuku. Ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi, inakaa kwao hadi siku ya kushuka.

Chukua ile isiyojua intaneti kabisa: kipande kimoja cha mtoto, kingine cha mzazi, vinaongea vyenyewe. Na ya sauti tupu inaishinda ya video. Sauti ni mzigo mwepesi, inafika hata mawimbi yakiwa yamechoka, lakini video ikikosa nguvu inaganda, na wewe umekaa unamtazama kwa mapenzi mtoto wa dakika tano zilizopita. Zile za DECT, yaani zinazotumia mawimbi ya simu za mezani zisizo na waya, nazo zina ukabila wao. Za Ulaya zinatumia megahezi 1880 hadi 1900, za Marekani 1920 hadi 1930, na kipande cha huku hakisalimiani na cha kule.

Umeme. Plagi yetu ya pini tatu bapa meli nyingi haziitambui. Mezani utakuta tundu la Kimarekani la pini mbili bapa, volti 110, na la Ulaya la pini mbili za duara, volti 220. Kabla hujafunga begi, geuza chaja usome maandishi yaliyofifia. Ikiandika 100–240V, 50/60Hz, unahitaji adapta ya plagi tu. Ikiwa ni ya 110 peke yake ukaichomeka kwenye 220, utasikia harufu kabla hujamsikia mtoto. Ekstensheni yenye kinga ya umeme iache nyumbani, nayo imekatazwa. Tena hapo hawaonei mtu: katika umeme wa meli nyaya zote mbili zinaweza kuwa na moto, na kile kinga kinaweza kuchemka mpaka kuwaka. Pawabenki ya mAh 10,000 inabeba kama wati-saa 37. Kamera ikila wati 5, na ukitoa hasara ya njiani, unapata saa sita hivi. Mtoto kalala saa mbili usiku, saa nane kamera imezima, na mtoto anaamka saa nane na robo. Watoto wana taarifa zao.

Kuitundika ndiyo kazi yenyewe. Hapo chuma kinalipa angalau sehemu ya deni lake: ndoano ya sumaku inashika ukutani, hata darini, bila gundi wala msumari. Waya uwe mbali na kitanda cha mtoto mita moja au zaidi, maana mkono wa mtoto wa miezi minane unafika mahali ambapo wewe hukudhani, na waya shingoni si mzaha. Usiitundike karibu na tundu la kiyoyozi, itakuletea upepo usiku kucha ukadhani uko kwenye dau. Usiielekeze kwenye kioo cha kujitazamia, na vyumba vya meli vimejaa vioo ili vionekane vikubwa. Usiku kamera inamulika mwanga usioonekana kwa macho, ule mwanga unarudi, na skrini inakuwa nyeupe pee. Usikivu uweke katikati. Ukiuweka juu kabisa, kila tangazo la koridoni litakukurupusha.

Halafu kuna kile kipimajoto chake kinachozua ugomvi. Kinaandika 20. Uingereza wanashauri chumba cha mtoto kiwe nyuzi 16 hadi 20, kwa hiyo shemeji karidhika. Bibi wa Tanga akiona 20 anaulizia sweta la kwendea Lushoto, na ukigeuka tu mtoto kafunikwa mablanketi mawili na khanga juu. Mwambieni mapema, kwa adabu: nguo ya kulalia nzito kidogo, blanketi lililolegea hapana, mto hapana.

Matumizi yenye maana ni haya: mtoto ndani, nyinyi kibarazani nje ya mlango wa kioo, mnakunywa chai. Kioo kinapitisha mawimbi kuliko chuma. Ila funga mlango sawasawa, maana meli nyingi zina swichi pale, ukiuacha wazi kiyoyozi kinazima. Ama huku kwenda kula sitaha ya 12 mtoto kabaki sitaha ya 6 na mashine, meli nyingi hazikubali, na mimi kwa hilo nawaunga mkono. Honi ikilia mara saba fupi na moja ndefu, hiyo ni dharura: lifti hazitumiki, ngazi zimejaa watu wanaoelekea kwingine, na bebi monita haina mikono.

Mwisho, kadi. Kwenye meli nyingi ukiingia chumbani unachomeka kadi kwenye kijisanduku cha mlangoni ndipo taa ziwake, na kwingine hata soketi zinategemea hapo hapo. Bwana anatoka kufuata barafu na kadi yake, umeme unakata, kamera imekufa, mama kibarazani anadhani mtoto katulia. Vingine vinaitambua kadi ya chumba tu, lakini vingi vinataka kitu chochote cha ukubwa ule cha kubonyeza swichi ndani. Kata kadi ya mchango wa harusi kwa kipimo hicho, uiache pale. Kila mtu Tanga anazo sita mezani na hajazilipia.