Lami ya mtaani: 50 au 30?

Mtaa ulipokuwa wa vumbi, hakuna aliyejadili mwendo wa magari. Mashimo yalimaliza ubishi. Kisha mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, ukaleta lami, mitaro na taa kwenye mitaa mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke, na watu wakafurahi, kwa haki kabisa. Ila barabara hizi ndizo zinazopokea magari ya vichochoroni na kuyafikisha barabara kuu, na zinapita mbele ya magenge, misikiti, makanisa na mageti ya shule. Pale dereva alipokuwa akikwepa dimbwi, sasa ananyoosha mguu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Azimio la Stockholm la Februari 2020, la mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, linataka isizidi 30 pale ambapo magari na waenda kwa miguu wanachanganyika mara kwa mara, isipokuwa kuwe na ushahidi thabiti kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Tuchukue lipi?

Wanaotetea 50 wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Dereva wa bajaji au daladala ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, na kila dakika kwake ni abiria. Wahandisi nao wana kanuni ya miaka mingi: kikomo kiwe karibu na mwendo ambao madereva 85 kati ya 100 hawauzidi. Ukikishusha mno, karibu kila mtu anakuwa mkosaji, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo anajipatia uvuvi rahisi wa faini. Hofu hiyo ni ya kweli. Mtu akizoea kupuuza kibao kimoja, atapuuza na cha kivuko cha waenda kwa miguu.

Lakini kanuni hiyo ya 85 inamhesabu aliyeshika usukani peke yake. Mtoto anayesubiri kuvuka hayumo kwenye hesabu.

Tumhesabu basi. Kwa mwendo wa 50, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kushtuka, kisha akakanyaga breki zilizo nzima kwenye lami kavu, atasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa 30, atasimama kwenye mita 13. Mtoto akichomoka mita 15 mbele, yule wa 30 ameshasimama. Yule wa 50 ndiyo kwanza mguu unagusa breki.

Na hasara ya muda? Kwa barabara ya kilomita mbili, ni kama dakika moja na nusu, tena kwa anayeweza kwenda 50 mwanzo hadi mwisho bila kituo wala mkokoteni mbele yake. Kwangu mimi mizani imeshalala upande wa 30.

Ninapotofautiana na wenzangu wa 30 ni kwenye imani yao kwa kibao. Kibao kikishindwa, wakazi hujimwagia tuta lao la zege usiku, kali kama ukuta, na anayeumia ni mjamzito kwenye bajaji na mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Shirika la usalama barabarani la Amend limefanya kazi kwenye maeneo ya shule hapa Dar es Salaam kwa njia nyingine: njia za miguu, vivuko, matuta ya kitaalamu na vibao kwa pamoja, pamoja na kuwafundisha watoto. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Hapo barabara yenyewe inamwambia dereva apunguze, trafiki awepo asiwepo.

Kwa hiyo ningeanza na vipande vya shule, zahanati na soko: 30, na kivuko kilichoinuliwa kila mwisho wa kipande. Sehemu zilizobaki zinaweza kukaa na 50 hadi zijengewe njia za miguu. Na kwa mitaa inayosubiri lami, kazi hiyo iingizwe kwenye michoro ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, sasa, kabla mkandarasi hajashusha kifusi. Wajumbe wa serikali za mitaa waombe kuiona michoro hiyo na kuuliza kivuko cha shule kimechorwa wapi.