Kabla ya mhakiki, palikuwa na mpiga chapa

Waandishi wakubwa wa Uingereza na Ireland wa mwanzo wa karne ya 20 wanasimuliwa kwa namna moja ambayo imenichosha. Joyce kipaji, Woolf kipaji, Lawrence kipaji chenye hasira, Yeats kipaji kilichozungumza na mizimu, na kwa pamoja wakaigeuza fasihi ya Kiingereza. Sibishi. Lakini ukifuatilia namna vitabu vyao vilivyotoka, unakutana kila mara na mtu ambaye hatajwi darasani: fundi wa kiwandani, wino mikononi, anayekataa kupanga herufi.

James Joyce alimpelekea Grant Richards, mchapishaji wa London, mswada wa kitabu chake cha hadithi fupi, Dubliners, mwishoni mwa 1905, akiwa na miaka 23. Richards akaukubali. Kisha mpiga chapa akaupitia na kuanza kutia alama: hapa kuna tusi la mtaani, pale vijana wawili wanamchuna msichana wa kazi za ndani. Siyachapi haya. Tusimwone mshamba. Kwa sheria ya wakati ule, kitabu kikionekana kichafu au kikimkashifu mtu, aliyekipiga chapa alikuwa hatarini sawa na aliyekichapisha. Joyce mwenyewe alikuwa Trieste, mbali na polisi wa London. Mashine ya chuma haina pa kukimbilia.

Richards akarudi nyuma. Mwaka 1909 kampuni ya Maunsel ya Dublin ikatia saini mkataba, nayo ikaingiwa na hofu yake: hadithi zilitaja baa na maduka yaliyokuwepo kweli mjini, na katika moja wahusika wanamsema Mfalme Edward VII. Hapo Joyce alifanya jambo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Mwaka 1911 alimwandikia Mfalme George V, mtoto wa marehemu, kumwuliza kama maneno yale kuhusu baba yake yanamuudhi. Katibu wa mfalme akajibu kwamba si desturi ya Mtukufu kutoa maoni katika mambo kama hayo. Mwaka uliofuata mpiga chapa wa Dublin, John Falconer, akaziharibu karatasi zilizokwisha kuchapwa. Joyce akaondoka Ireland na hakukanyaga tena.

Kitabu kilitoka 1914, kwa Grant Richards yule yule. Hadi mwaka unaisha zilikuwa zimeuzwa nakala 499, na 120 kati ya hizo alizinunua Joyce mwenyewe kwa sababu mkataba ulimbana. Mrabaha ulikuwa uanze kuhesabiwa baada ya nakala 500.

Mwaka 1915 mambo yakazidi kuwa magumu. The Rainbow ya D. H. Lawrence, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Eastwood, ilifikishwa mbele ya hakimu wa mahakama ya Bow Street, London, kwa madai ya uchafu. Wachapishaji wake, Methuen, hawakuitetea hata kidogo, na nakala 1,011 zikaamriwa kuharibiwa. Baada ya hapo ungekuwa mpiga chapa ungefanyaje? Harriet Shaw Weaver, mwanamke mpole mwenye fedha za urithi aliyekuwa akimsaidia Joyce, alizunguka kutafuta kiwanda cha kumpigia chapa riwaya yake A Portrait of the Artist as a Young Man asikipate Uingereza nzima. Mwishowe kurasa zilichapwa New York, zikavushwa kwa meli.

Ndiyo maana katika kundi hili lote ninayemhusudu ni Virginia Woolf, na simhusudu kwa sentensi zake peke yake. Riwaya zake mbili za kwanza zilitolewa na kampuni ya Gerald Duckworth, kaka yake wa mama mmoja. Huyo Gerald, kwa maandishi ya Virginia mwenyewe, ndiye aliyempapasa alipokuwa mtoto mdogo. Hebu fikiria kumpelekea mswada wako mtu huyo, kisha ukae usubiri jibu.

Machi 1917 Virginia na mumewe Leonard walinunua mashine ndogo ya mkono katika duka moja la Farringdon Road, London. Walikuwa wamejaribu kuingia chuo cha uchapaji wakaambiwa nafasi ni za vijana wanaofundwa ufundi chini ya chama chao. Basi wakajifundisha kwa kijitabu cha maelekezo, mashine ikiwa chumba cha kulia chakula, nyumba ya Hogarth House, Richmond. Mikono ya Leonard ilikuwa na mtetemo tangu zamani, kwa hiyo yeye alishika mashine na Virginia akapanga herufi: anaokota moja moja, anazipanga kinyumenyume, anapima nafasi kati ya neno na neno, na ukurasa ukishachapwa anazibomoa na kuirudisha kila herufi kwenye kijisanduku chake. Julai wakatoa kijitabu chao cha kwanza chenye hadithi mbili, yake na ya mumewe, nakala kama 150 hivi.

Mtu aliyeyashika maneno yake vidoleni kwa namna hiyo hawezi kuendelea kuandika kama zamani. Night and Day ya 1919, ya mwisho kupitia kwa Duckworth, kwangu ni riwaya inayojikokota. Jacob's Room ya 1922, riwaya yake ya kwanza kutoka Hogarth Press, kampuni yao wenyewe, imejaa nafasi nyeupe kati ya vipande vyake, na nyeupe ile inasema mengi. Nimesoma maelezo mengi ya kifalsafa kuhusu nafasi hizo. Mimi naona mkono wa mpanga herufi. Mwaka 1925 aliandika katika shajara yake kuwa yeye ni mwanamke pekee Uingereza aliye huru kuandika atakalo. Miaka minne baadaye, katika A Room of One's Own, akawaambia wanawake wanahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli. Mashine hakuiweka kwenye hesabu, na nadhani alikosea kuiacha.

Mashine hiyo nayo ilikuwa na mipaka yake. Aprili 1918 Bi Weaver alikuja kunywa chai kwa akina Woolf akiwa na furushi: sura za Ulysses, kitabu kipya cha Joyce. Kwa mashine yao ya mkono kazi ile ingewachukua miaka, na wapiga chapa wakubwa walioulizwa na Leonard hawakutaka kusikia. Virginia mwenyewe, tuseme ukweli, hakukipenda sana.

Mwishowe Ulysses kilipigwa chapa Dijon, Ufaransa, katika kiwanda cha Maurice Darantiere, kwa gharama za Sylvia Beach, Mmarekani mwenye duka la vitabu Paris. Mafundi wa Dijon hawakujua Kiingereza. Makosa yalikuwa tele, na Joyce akayaongeza kwa kujaza maneno mapya kwenye prufu, yaani kurasa za kusahihishia, hadi kitabu kikanenepa kwa karibu theluthi. Tarehe 2 Februari 1922, siku Joyce anatimiza miaka 40, kondakta wa treni ya Dijon alimkabidhi Beach nakala mbili za kwanza. Lawrence naye alichapisha Lady Chatterley's Lover, riwaya inayoeleza mapenzi ya kimwili waziwazi, huko Florence mwaka 1928, kwa mpiga chapa asiyejua Kiingereza. Alipoelezwa kitabu kinahusu nini, kwa simulizi ya Lawrence, yule Mwitaliano alishangaa: kwani kuna ajabu gani, mbona sisi hayo tunayafanya kila siku!

Kwa hiyo riwaya mbili za Kiingereza zilizoogopwa kuliko zote zilipangwa na watu wasioweza kuzisoma. Atakayeniambia kipaji hujitokeza chenyewe, anieleze kingejitokezea wapi bila Dijon, bila Florence na bila mkoba wa Bi Weaver.

Penguin, kampuni ya vitabu ya Uingereza, walipoamua kuitoa Lady Chatterley nzima mwaka 1960, kiwanda cha kwanza walichokiendea kilikataa. Ikachapwa Bristol, kesi ikaenda mahakama ya Old Bailey, London, Penguin wakashinda, na toleo lililofuata wakalitabaruku kwa raia 12 walioiamua kesi, wanawake 3 na wanaume 9. Mafundi wa Bristol, waliowasha mashine kabla hukumu haijajulikana, hawamo kwenye tabaruku ile.