Leukemia ya utotoni: tupunguze dawa au tuogope ugonjwa kurudi?

Seli za leukemia, yaani saratani ya damu, hujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa nyingi za mshipani hazifiki vizuri. Ndiyo maana miaka ya 1960, katika hospitali ya St. Jude huko Memphis, Marekani, timu ya Donald Pinkel iliongeza mionzi ya kichwa kwenye matibabu, baadaye kwa dozi ya gray 24 (gray ni kipimo cha mionzi) pamoja na sindano za dawa ya saratani iitwayo methotreksati kwenye uti wa mgongo. Ugonjwa uliokuwa ukiua karibu kila mtoto ukaanza kupona kwa takriban nusu yao. Gharama ilijitokeza miaka mingi baadaye: kimo kifupi kwa upungufu wa homoni ya ukuaji, unene, uvimbe (tumor) kwenye ubongo, na akili inayochakata mambo taratibu. Mtoto wa namna hiyo shuleni huitwa mvivu, wakati anachohitaji ni muda wa ziada kwenye mtihani.

Wanaotaka matibabu yapunguzwe wana ushahidi wa kutosha. Mwaka 2009 St. Jude ilichapisha matokeo ya watoto 498 waliotibiwa bila kupewa mionzi ya kichwa kama kinga: asilimia 93.5 walikuwa hai baada ya miaka 5. Nchini Uingereza, jaribio la UKALL 2003 lilionyesha kwamba mtoto ambaye vipimo havioni mabaki ya seli za leukemia mwishoni mwa awamu ya kwanza anaweza kupewa awamu moja ya kuongeza makali badala ya mbili bila kuhatarishwa.

Lakini hapo penye "vipimo" ndipo upande wa pili unaposimama, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kipimo hicho cha mabaki hakipatikani katika hospitali nyingi za ukanda wetu. Kupunguza dawa bila kujua nani yuko salama ni kubahatisha, na ugonjwa ukirudi mtoto hupewa dawa kali zaidi, pengine mionzi ileile tuliyoikwepa au upandikizaji wa uboho. Madhara ya muda mrefu hapo huzidi yale tuliyotaka kuyaepuka. Kwangu mimi, bila kipimo, dozi kamili ndiyo salama.

Hata hivyo, mara nyingine kinachohitaji kubadilishwa ni ratiba. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, huzuia ugonjwa kurudi kwenye ubongo zaidi ya mwenzake prednisoloni, ila kwa wenye miaka 10 na zaidi huweza kukata damu kwenye mfupa, hasa nyonga na goti, na sehemu hiyo ikafa. Katika awamu ya kuongeza makali, kuitoa siku 7, kupumzika siku 7, kisha kuitoa 7 nyingine, badala ya siku 21 mfululizo, kulipunguza tatizo hilo kwa vijana. Kijana akilalamikia maumivu ya kinena anapopanda ngazi, eksirei safi isimridhishe mtu. Mwanzoni MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ndiyo huona.

Moyo nao una hesabu yake. Doksorubisini na daunorubisini, dawa nyingine za leukemia, hudhoofisha misuli ya moyo kulingana na jumla ya dozi ya maisha yote. Waliofikisha miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, linalokokotolewa kwa uzito na kimo, hupimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kila miaka 2. Wa kati ya 100 na 249, kila miaka 5. Shida ni kwamba kwenye faili huandikwa "mg 20" tu. Kwa mtoto mwenye eneo la mwili la mita ya mraba 0.8 hiyo ni 25 kwa mita ya mraba. Kwa wa 1.2 ni chini ya 17. Bila uzito na kimo cha siku ile, miaka kumi baadaye hakuna anayeweza kujumlisha. Kwa hiyo kadi ya kumaliza matibabu iandike jina la kila dawa, jumla yake kwa mita ya mraba, na mionzi kama ilitumika na wapi. Nakala moja ikae kwa mzazi, maana msichana aliyetibiwa hivyo akija kushika mimba, eko inatakiwa mapema hata kama hahisi lolote, na mkunga hawezi kuiomba asipojua alipewa nini.