Skripti haisomi mkataba: leseni za Oracle na uendeshaji wa hifadhidata kiotomatiki

Katika toleo la Enterprise la hifadhidata ya kampuni ya Oracle kuna kigezo kiitwacho CONTROL_MANAGEMENT_PACK_ACCESS ambacho, usipokigusa, huja na thamani DIAGNOSTIC+TUNING. Maana yake ni kwamba vifurushi viwili vya kulipiwa, Diagnostics Pack (cha kuchunguza mwenendo wa hifadhidata) na Tuning Pack (cha kuiboresha kasi), viko wazi tangu siku ya kwanza, bila ufunguo wowote, awe mteja amevinunua au hajavinunua. Oracle haifungi mlango. Hifadhidata yenyewe huweka kumbukumbu ya kilichotumika, na mkataba wa kawaida huipa Oracle haki ya kumkagua mteja baada ya kutoa taarifa ya maandishi ya siku 45. Skripti, yaani orodha ya amri zinazoiendesha hifadhidata bila mkono wa mtu, hufanya kila kitu ambacho programu inakiruhusu, ilhali mkataba unaruhusu machache zaidi, na shida yote tunayoijadili imo katika nafasi iliyo kati ya hayo mawili.

Tuchukue seva moja yenye vichakataji viwili vya Intel, kila kimoja kikiwa na viini 16. Viini hivyo 32 huzidishwa kwa 0.5, kiwango ambacho Oracle hukitumia kwa vichakataji vya aina hiyo, na jibu ni leseni 16. Kwa bei ya orodha, Diagnostics Pack ni dola 7,500 kwa kila leseni na Tuning Pack ni dola 5,000, hivyo seva hiyo moja inadaiwa dola 200,000 kabla ya punguzo lolote, pamoja na asilimia 22 ya fedha hizo, yaani dola 44,000, kwa mwaka wa huduma ya msaada. Msimamizi anayejenga kwa mkono anaweza kukosea kwenye seva moja. Kiolezo cha Ansible, programu ya kusanidi seva nyingi kwa pamoja, kikiwa na kosa hilohilo hulipeleka kwenye seva kumi kabla ya chai ya saa nne.

Ndiyo maana siwezi kuwapuuza wanaotaka kila hatua ya otomatiki isubiri idhini ya kitengo cha leseni. Wanajua kwamba mkono wa mtu, pamoja na uvivu wake wote, ulikuwa na nafasi ya kusita, na skripti haisiti. Mfano unaonikera zaidi ni wa hifadhidata ya akiba, ile inayopokea mabadiliko kutoka kwa hifadhidata kuu ili ichukue nafasi yake siku ya maafa. Baada ya kuweka viraka usiku, skripti huizima na kuiwasha tena. Ikiandika STARTUP MOUNT, hifadhidata huwaka bila kufunguliwa, na hakuna tatizo. Ikiandika STARTUP peke yake, hifadhidata hufunguka kwa ajili ya kusomwa, na upokeaji wa mabadiliko ukiendelea hali ikiwa hiyo, tayari umetumia Active Data Guard, ambayo ina leseni yake. Hakuna mtumiaji aliyesoma hata safu moja, wala hakuna aliyekusudia, lakini kumbukumbu ya matumizi, DBA_FEATURE_USAGE_STATISTICS, itaonyesha. Ukirekebisha skripti kesho yake, rekodi ya jana haifutiki, maji yameshamwagika.

Hata hivyo, hoja hiyohiyo ukiigeuza utaona nguvu ya upande wa pili. Kosa lililo katika kiolezo lina mahali pamoja pa kulisahihisha, na historia ya mabadiliko inaonyesha lini liliingia na kwa mkono wa nani. Makosa ya wasimamizi kumi, kila mmoja na desturi zake, hayana mahali. Kuanzia toleo la 19c, mteja anaruhusiwa kuwa na hifadhidata tatu za ndani katika kila hifadhidata mama bila kununua chaguo la Multitenant. Kumkumbusha kila msanidi asiunde ya nne ni kazi isiyoisha, lakini mstari mmoja wa MAX_PDBS=3 kwenye kiolezo unaikataa ya nne papo hapo. Kikao cha idhini hakiwezi kutoa ulinzi wa namna hiyo, kwa sababu hukutana mara moja kwa wiki na huangalia fomu, si mfumo.

Kufunga kila kitu nako kuna gharama, na ni haki kusema hivyo. Ukiweka CONTROL_MANAGEMENT_PACK_ACCESS kuwa NONE, timu inapoteza ripoti za AWR, zinazoonyesha hifadhidata ilitumia muda wake wapi, na saa nane ya usiku, malipo yanapokwama, itabidi itegemee Statspack, ambayo ni ya bure lakini haioni yote.

Kuna pia jambo ambalo hakuna skripti itakayolimaliza. Oracle hailichukulii tabaka la VMware, programu inayoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva halisi), kuwa mpaka halali wa kuhesabia leseni, na msimamo wake ni kwamba seva zote ambako mashine inaweza kuhamia zihesabiwe. Wateja hupinga, wakionyesha kwamba waraka wenye sera hiyo unajitaja wenyewe kuwa ni wa kuelimisha tu na si sehemu ya mkataba. Otomatiki inayohamisha mashine ili kusawazisha mzigo huingia katikati ya ubishi huo bila kujua. Hapo anahitajika mtu aliyeusoma mkataba wa kampuni yake, maana mikataba haifanani, na anahitajika kabla ya kiolezo kuandikwa.

Wapo wanaosema tuhamie PostgreSQL, hifadhidata isiyo na ada ya leseni, yaishe. Kwa mfumo mpya nakubaliana nao. Kwa mfumo wenye miaka kumi na tano ya taratibu za PL/SQL, lugha ya Oracle yenyewe, kuhama ni mradi wa miaka, na leseni zitadaiwa katika kipindi chote hicho.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa otomatiki, kwa sharti moja. Katika kiolezo ninachokitumia, kila chaguo la kulipiwa limezimwa, na mbele yake kuna nafasi mbili: nambari ya mkataba unaoliruhusu na jina la aliyethibitisha. Anayetaka kuliwasha hujaza zote mbili. Zikiwa tupu, skripti husimama kabla ya kuigusa seva.