Manowari huanzia chumba cha injini

Watu wakizungumzia manowari za kisasa hukimbilia makombora. Mimi naomba tushuke chini, kwenye chumba cha injini, maana huko ndiko destroya (manowari za kusindikiza na kulinda meli nyingine) sita za Uingereza za daraja la Type 45 zilikokwama.

Juu ya sitaha sina neno, kazi iliyofanyika inastahili saluti. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, kombora la Exocet la Argentina liliruka karibu na uso wa bahari, likaipiga manowari ya Uingereza HMS Sheffield na mabaharia 20 wakapoteza maisha. Dunia ni mviringo, kwa hiyo rada iliyofungwa chini huchelewa kuliona kombora linalonyatia juu ya mawimbi. Ndiyo sababu Type 45 zina mlingoti mrefu namna ile, na kileleni pake rada ya SAMPSON: nyuso mbili zilizopeana mgongo, zikizunguka mara 30 kwa dakika. Kwenye sitaha ya mbele yamo matundu 48 ya kurushia makombora ya Aster, ya kutungulia vitu vya angani. Desemba 2023, HMS Diamond, mojawapo ya hizo sita, iliangusha droni kwa Aster katika Bahari ya Shamu. Wanamaji wa Uingereza hawakuwa wameangusha chombo cha adui angani tangu Vita vya Ghuba vya 1991.

Lakini rada hiyo inakula umeme, na meli yenyewe inakwenda kwa umeme. Turbini mbili za gesi aina ya WR-21 hufua umeme, umeme ukazungusha mota, mota zikazungusha rafadha. Ili kubana mafuta, WR-21 ilipewa kifaa kinachopoza hewa inaposhindiliwa ndani ya injini na kingine kinachokamata joto la moshi na kulirudisha kwenye injini. Kwenye bahari ya baridi mpango huo ni mzuri sana. Kwenye bahari ya moto upoaji unapungua, nguvu ya turbini inashuka ghafla, na ikizidiwa inajizima. Mzigo wote unaziangukia jenereta mbili za dizeli zilizofungwa awali, za megawati 2 kila moja, nazo zinalemewa. Ni kama nyumba iliyowasha viyoyozi vyote kwa kijenereta cha dukani. Giza linaingia: hakuna mwendo, hakuna rada, hakuna kombora.

Mwaka 2016 Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Uingereza iliwaita wahusika. Rolls-Royce, waliotengeneza WR-21, walisema injini inafanyishwa kazi katika mazingira magumu kuliko yaliyoandikwa kwenye mkataba. BAE Systems, waliojenga meli, walisema wakati wa usanifu haikutarajiwa kwamba zingekuwa Ghuba ya Uajemi mara kwa mara au kwa mfululizo.

Jibu hilo linaniudhi mpaka leo. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zikifanya doria Ghuba tangu 1980! Mwaka 2000, serikali ilipoichagua WR-21, ilikuwa na miaka ishirini ya kumbukumbu za bahari ile. Tena ilikuwepo LM2500 ya General Electric, injini iliyokwishazoeleka, ambayo Wamarekani wamefunga nne nne kwenye destroya zao za Arleigh Burke. Anayeijua Bahari ya Hindi mwezi wa Machi hahitaji kamati kumwambia kuwa maji ya chumvi nayo huwa ya moto.

Gharama ya kosa hilo ni nzito kwa sababu meli zenyewe ni chache. Zilipangwa 12, zikapunguzwa hadi 8, mwisho zikajengwa 6, kila moja kwa takriban pauni bilioni 1. Kisha mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba wa pauni milioni 160 wa kuongeza nguvu: dizeli mbili za zamani zitoke, ziingie tatu kubwa zaidi za kampuni ya MTU. HMS Dauntless ilitangulia kuingia chelezoni Birkenhead mwaka 2020, ikakatwa ubavu ili mitambo ipite. Hebu fikiria chuma kilichounganishwa kwa ustadi kule Glasgow kikikatwa kwa sababu ya sentensi iliyokosekana kwenye hati.

Sasa Waingereza wanapanga mrithi wa Type 45, yaani Type 83. Kabla ya kuambiwa itabeba makombora mangapi, ningependa kuona kwenye karatasi ya kwanza kabisa ya mchoro joto la juu kabisa la maji ambalo injini zake zitastahimili kwa nguvu zote, pamoja na jina la aliyelitia saini.