Aliyeleta damu na aliyeandika makala

Mwaka 1976 serikali ya Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ilimtuma daktari Jean-Jacques Muyembe kwenda kijiji cha Yambuku, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Alitoa damu za wagonjwa bila glavu, akamsafirisha mtawa mmoja aliyeugua hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Ubelgiji. Machi 1977 jarida la The Lancet lilichapisha makala tatu kuhusu kirusi kilicholeta homa hiyo, Ebola, kutoka maabara za Antwerp (Ubelgiji), Porton Down (Uingereza) na Atlanta (Marekani). Jina la Muyembe halimo hata katika moja.

Mtetezi wa maabara zile atasema makala zilieleza jinsi kirusi kilivyooteshwa na kuonekana kwa hadubini, kazi ambayo Muyembe hakuifanya. Hoja hiyo siipuuzi, maana kuweka jina ni kujifunga kuwajibika kwa kilichoandikwa. Makala ya mtafiti wa Korea Kusini, Hwang Woo-suk, kuhusu seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), iliyotoka mwaka 2005 katika jarida la Science, ilikuwa na waandishi 25. Ilipogundulika kuwa takwimu zilighushiwa, Gerald Schatten wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mwandishi wa mwisho kwenye orodha, hakuwa amefanya jaribio lolote kati ya yale. Kamati ya chuo chake ilimlaumu kwa kukwepa wajibu.

Ndiyo maana kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inataka mwandishi atimize masharti manne yote: awe na mchango mkubwa katika kubuni utafiti, kukusanya takwimu au kuzichambua, ashiriki kuandika au kurekebisha maudhui, aidhinishe nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika. Mkuu wa idara aliyetafuta fedha tu hapiti hapo, na ni haki asipite.

Kinachoniuma ni sharti la pili linavyogeuzwa kuwa kufuli. Mratibu wa utafiti aliyechagua vijiji, akarekebisha dodoso lililokuwa halieleweki na kugundua takwimu zenye kasoro huishia kwenye aya ya shukrani, eti hakuandika. Angeandikaje, na rasimu hakuletewa? Mwongozo huohuo unasema masharti yasitumike kumwengua mtu kwa kumnyima nafasi ya kuyatimiza. Kila aliyetimiza la kwanza apewe fursa ya kusoma, kuandika na kuidhinisha. Sentensi hiyo hainukuliwi mara nyingi.

Sisemi kila aliyejaza fomu kwa malipo ya siku aitwe mwandishi. Aliyefuata maelekezo tu anastahili ujira mzuri na shukrani kwa jina. Lakini ambaye uamuzi wake ulibadilisha takwimu zenyewe aletewe rasimu mapema, na kama Kiingereza cha makala kinamtatiza, wakae naye waijadili kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kwenda uwandani, na makubaliano yaandikwe, kwa sababu matokeo yakishapatikana, mwenye kompyuta na fedha ndiye anayepanga majina.