Mgonjwa wa kitanda cha nane

Mwaka jana nilimuuguza mama hospitalini siku sita. Asubuhi ya siku ya tatu madaktari walipopita raundi, wanafunzi wa udaktari kama tisa hivi walikizunguka kitanda chake, wengine wameshika madaftari, mmoja bado anamalizia kutafuna. Bingwa akasema, macho yake yakiwa kwenye faili, "Kitanda cha nane. Nani ataniambia ana nini?"

Kijana mmoja akasogea, akamwekea mama stetoskopu mgongoni, chini ya mfupa wa bega. Mama akashtuka. "Mwanangu, mbona kichuma chako cha baridi hivi?"

"Samahani, mama. Hebu sema tisini na tisa."

Mama akasema. Kijana akateremsha chuma vidole viwili. "Tena, mama." Akasema tena. Kijana akafumba macho, akasikiliza, halafu akatabasamu.

Tabasamu lile lilinikera wiki nzima. Alikuwa amesikia maji. Mama alikuwa na maji kifuani, yamejaa nje ya pafu, na huyu bwana mdogo ameyagundua kwa masikio yake, eksirei haijarudi. Kwake lilikuwa bao. Baadaye, hasira zilipopoa, nikaanza kusoma ili nijue mchezo ule ulianzia wapi, nani alikuwa wa kwanza kumwambia mgonjwa aseme neno huku akimsikiliza mgongo. Nikaishia Paris ya miaka 200 iliyopita, na nimetoka huko na msimamo ambao rafiki zangu walio kwenye kazi hiyo hawaupendi. Nasema hivi: udaktari wa wodini tunaoujua leo uligharimiwa na maskini wa Paris. Waliulipia kwa miili yao, wakiwa hai na wakiwa maiti, na matibabu waliyopewa yalikuwa karibu na bure. Majina ya madaktari tunayo. Wenye vifua hatuna habari nao.

Tuanze na mahali penyewe. Hospitali kuu ya Paris, Hôtel-Dieu, iko jirani na kanisa la Notre-Dame. Mwaka 1788 mpasuaji mmoja, Jacques Tenon, alichapisha ripoti juu ya hospitali za mji ule, na habari za Hôtel-Dieu ukizisoma unapoteza hamu ya kula. Vitanda vipana vililaliwa na watu wanne, hata sita, vichwa na miguu vikipishana, mwenye homa kabanana na mwenye upele, mzima kidogo kalala ubavuni mwa aliyekwisha kukata roho. Kwa hesabu ya Tenon, kati ya kila wagonjwa tisa walioingia, wawili hivi walitolewa maiti.

Mwenye uwezo hakukanyaga huko. Tajiri aliugulia kwake, daktari akamfuata, akakaa, akamsikiliza akieleza maumivu yake tangu yalipoanza, akaondoka na ujira wake. Asiporidhika alimwita mwingine. Hospitali ilikuwa ya mchukuzi wa mizigo, mfua nguo, askari aliyezeeka, mtumishi wa ndani asiye na pa kuugulia.

Mapinduzi ya 1789 yakavuruga utaratibu huo wote. Hospitali zikatoka mikononi mwa Kanisa zikawa za serikali, ikaamriwa kila mgonjwa awe na kitanda chake, na mwaka 1794 zikafunguliwa shule mpya za tiba ambazo wanafunzi wake walitakiwa kusoma kidogo, kuona sana na kutenda sana. Ni jambo jema, nani atalipinga? Ila wa kuonwa na kutendewa alikuwa yule yule mfua nguo. Kukawa na mapatano ambayo hayakuandikwa popote. Wewe unapata kitanda, shuka na mchuzi. Kifua chako kitagongwa na yeyote atakayepita. Na ukifa pasipo jamaa wa kuja kukuchukua, unapelekwa kwenye meza ya kupasulia. Kwetu huku maiti ana sitara yake mpaka afukiwe. Maskini wa Paris naye alikuwa na dini yake na alitaka vivyo hivyo, lakini hakuulizwa.

Daktari mmoja kijana wa Hôtel-Dieu, Xavier Bichat, aliandika kwamba unaweza kukaa miaka ishirini kitandani pa wagonjwa ukiandika dalili na usiambulie kitu, ila ukifungua maiti wachache giza litatoweka. Naye hakufungua wachache. Alifariki mwaka 1802 akiwa na miaka 30 tu, na waliokuja nyuma yake wakaishika kauli hiyo kama msahafu. Tangu hapo maneno ya mgonjwa yakaanza kushuka bei. Kilichotafutwa ni ishara ya mwilini, kitu ambacho daktari anakipata mwenyewe bila kusimuliwa.

Ishara ya kwanza ilikuwa ya kugonga. Sote tunagonga tikiti maji sokoni kabla ya kulipa. Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna na mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, aliandika mwaka 1761 jinsi ya kugonga kifua cha mtu na kujua penye hewa na penye maji. Husimuliwa kwamba ujuzi huo aliupata kwenye mapipa ya mvinyo ya baba yake. Wenzake hawakumjali. Ni Corvisart, tabibu wa Napoleon, aliyekitafsiri kijitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1808, na vifua vya Paris vikaanza kugongwa asubuhi hadi jioni.

Kisha akaja Laennec. Mwaka 1816, akiwa daktari wa hospitali ya Necker, alimwona mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kumgonga hakukusaidia kwa sababu alikuwa mnene. Njia iliyobaki ilikuwa daktari kulaza sikio lake kifuani kwa mgonjwa, na Laennec mwenyewe anasema umri na jinsia ya mgonjwa vilimzuia. Akakumbuka kwamba ukikwaruza ncha moja ya boriti kwa pini, aliyeweka sikio ncha ya pili anasikia. Akachukua karatasi, akazikunja zikakaza kama bomba, upande mmoja kifuani kwa yule binti, upande wa pili sikioni mwake. Moyo ukasikika vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu.

Kwa hiyo stetoskopu ilizaliwa na haya. Ndiyo sehemu ya habari hii ninayoipenda kuliko zote. Daktari aliona aibu, akatafuta kitu cha kuweka kati yake na mwanamke, na kumbe kitu chenyewe kilisikia zaidi ya sikio. Baadaye alikereza kwa mkono wake mabomba ya mti, urefu wa sentimita 30 hivi, akazunguka nayo wodini, na mwaka 1819 akatoa kitabu cha juzuu mbili kilichojaa majina ya milio. Mmojawapo ni ule ambao sauti ya mgonjwa hutoka ikitetemeka, puani, kama mbuzi anayelia, naye akaupa jina lenye neno la Kigiriki la mbuzi. Huo ndio mlio wa maji kifuani. Ndio uliomfanya kijana wetu atabasamu.

Sasa jiulize Laennec alijuaje kwamba mlio ule ni wa maji, na ule mwingine ni wa tundu lililochimbwa na kifua kikuu. Hakukuwa na eksirei wala kipimo kingine cha kuhakikishia. Alisubiri. Mgonjwa alipokufa, akafunguliwa, na kilichokutwa ndani kikalinganishwa na kilichosikika wiki mbili kabla. Kila jina la mlio mle kitabuni lina mtu, wakati mwingine watu kadhaa, waliolala Necker wakaambiwa vuta pumzi, kohoa, sema, halafu wakapasuliwa.

Nisimwonee, maana alikuwa na utu wake. Neno la Kifaransa alilochagua kwa mikoromo ya mapafu ndilo watu walilotumia kwa mkoromo wa anayekata roho. Basi akiwa mbele ya mgonjwa aliliacha, akatumia la Kilatini, asimtie mtu hofu. Alijua kwamba aliyelala kitandani anasikia. Mama pia alisikia alipoitwa kitanda cha nane, alinong'ona jioni ile, "Mimi leo sina hata jina."

Na je, walitibiwaje? Hapa ndipo ninapochoka kusikia sifa za Paris. Walitolewa damu kwa wembe, wakatapishwa, wakaharishwa, wakanyimwa chakula. Wazee wetu nao waliumika kwa chuku, ile pembe ya kunyonyea damu, na Mswahili kwa akili yake akafanya kupiga chuku kuwa ndiyo kutia chumvi maneno. Kama msemo huo ungekuwapo Paris, ungemfaa François Broussais wa hospitali ya jeshi ya Val-de-Grâce. Yeye alishikilia kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na mwasho wa tumbo na matumbo, na dawa ni kumtundika mgonjwa miruba, makumi kwa makumi, tena kwa njaa. Paris nzima ikamfuata. Miruba wa Ufaransa wakaisha mabwawani, ikabidi kuagizwa kutoka nje, na mwaka 1833 peke yake waliagizwa zaidi ya milioni 40.

Aliyemshika shati ni daktari mpole aliyependa kuhesabu, Pierre Louis. Alikuwa amefanya kazi Urusi, akashuhudia watoto wakifa kwa donda koo asiweze kuwasaidia, akarudi Paris na kujifungia hospitali ya La Charité miaka kadhaa bila mshahara, akiandika habari za kila mgonjwa. Kati ya hao wako 77 wa homa ya mapafu. Wote walitolewa damu. Kumwacha mtu bila kumtoa damu hakukuwa jambo la kufikirika. Tofauti ilikuwa siku tu. Waliotolewa ndani ya siku nne za mwanzo walikuwa 41, wakafa 18. Waliocheleweshwa walikuwa 36, wakafa 9. Yaani katika ile dawa iliyoaminiwa kuliko zote, aliyewahiwa ndiye aliyekufa zaidi. Louis hakusema damu isitolewe kabisa. Alisema tu, kwa adabu, kwamba faida yake ni ndogo mno kuliko inavyodhaniwa. Broussais alimjia juu kweli kweli.

Ningependa msomaji asipite haraka kwenye hao 18. Ndio waliotufundisha, na waliingia kwenye jedwali pasipo kujua.

Upasuaji wala sitauzungumzia sana. Dawa ya kulaza mgonjwa haikuonyeshwa hadharani mpaka mwaka 1846, huko Boston. Kabla ya hapo aliyekatwa mguu alikatwa akiwa macho, ameshikiliwa, wanafunzi wamejipanga kwenye ngazi wanatazama. Na Waingereza wasijione bora. Kwao maiti za kusomea zilikuwa adimu kiasi kwamba watu waliiba makaburini, na mwaka 1828 Edinburgh ikagundua kwamba Burke na Hare walikuwa wameua watu 16 ili wawauze kwa mwalimu aliyefundisha kwa kupasua maiti. Bunge likapitisha sheria mwaka 1832, na suluhisho lenyewe likawa kuwapeleka mezani maskini waliofia kwenye nyumba za mafukara bila jamaa wa kuwadai. Umaskini ukapewa adhabu iliyokuwa ya wauaji walionyongwa.

Rafiki yangu muuguzi, tuliyebishana naye juu ya haya mpaka chai ikapoa, aliniuliza: "Sasa ulitaka wafanyeje? Mama yako si alitolewa maji?" Alitolewa, kwa sindano, lita moja na nusu, na usiku ule ule akalala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Sibishi. Bila wale waliopasuliwa Necker, kijana yule asingejua aweke chuma wapi. Ninachokataa ni lugha ya kwamba wagonjwa wale "walichangia" elimu. Kuchangia kuna hiari ndani yake, mtu anatia mkono mfukoni mwenyewe. Wale walichukuliwa. Na mazoea ya kuchukua hayakuisha na karne ile: ukimtaja mtu kwa namba ya kitanda, ukamvua kanga mbele ya vijana tisa bila hata kumwomba, unaendeleza mapatano ya mwaka 1794 ambayo mama yangu hajawahi kuyasaini. Laennec, kwa haya zake, angekunja karatasi.

Mwisho wake yeye mwenyewe ulikuwa wa kifua. Kifua kikuu kilichowaua wagonjwa wake kilimfika, na jamaa yake Mériadec akamsikiliza kwa kile kile chombo, akamwambia anachokisikia. Laennec aliujua mlio; alikuwa ameueleza mwenyewe kitabuni. Alirudi kwao Brittany, akafariki Agosti 1826 akiwa na miaka 45, nyumbani kwake, akiwa na jina lake. Stetoskopu alimwachia Mériadec.

Haya yote nilimsimulia mama baada ya kurudi nyumbani, tukichambua mchele. Ya mbuzi yalimchekesha. "Kumbe siku ile nimelia mee!" Ya miruba hakuyataka kabisa. Nilipofika kwa yule binti mnene na bomba la karatasi akaacha kuchambua.

"Alipona?"

Nikamwambia daktari hakuandika. Anaeleza jinsi alivyousikia moyo, kisha anaendelea na habari za chombo chake.

Mama akapuliza makapi siniani. "Basi hakupona," akasema. "Angepona angeandika."